Mlango wa Bwana Kadi

Serikali, kwa hekima yake isiyo na mwisho, ilimpa meza moja, kiti chenye mguu mgonjwa, na muhuri. Vitu hivyo vitatu vilimtosha kujiona nguzo ya taifa. Kila abiria aliyeshuka kwenye ndege alipita kwanza kwenye meza yake ya kukagua kadi za chanjo kabla ya kufika kwa watu wa viza, na kila abiria alipokelewa kwa neno moja: "Kadi!" Habari ya safari hakuna, karibu hakuna. Wenzake wakamwita Bwana Kadi, naye akalipokea jina hilo kama cheo.

Kwenye vikao vya ukoo alikitangaza mwenyewe. "Nchi hii ina mlango mmoja," alisema akijipiga kifua, "na mlango wenyewe ndio huu mnaouona unakula." Watu walicheka. Baba yake alicheka kuliko wote. Mzee alifurahi kuona mwanawe ameshika ufunguo wa kitu, hata kama ni ufunguo wa foleni.

Baba alipoanza kuzidiwa, dada mkubwa alipiga simu kutoka nchi aliyoolewa. Huko alikuwa amebadili uraia ili apate kazi, na kwa saini hiyo moja akawa mgeni kwao alikozaliwa.

"Mdogo wangu, naona wanataka chanjo ya homa ya manjano. Tena kadi haihesabiki mpaka zipite siku kumi tangu sindano. Kituo cha chanjo kiko mbali, lakini nikachome mapema?"

"Dada, unaniuliza mimi habari za kadi?"

"Sasa nimuulize nani?"

"Usijisumbue. Kituo chenyewe si umesema kiko mbali? Siku ikifika, we panda ndege uje. Mlangoni nipo mimi."

"Una hakika? Nisije nikaumbuka mbele za watu."

"Aibu uipate kwangu? Labda nimekufa."

Akaamini. Mdogo huyu alimbeba yeye mwenyewe mgongoni, akamfundisha kufunga kamba za viatu, akamchapa kofi la kwanza maishani mwake. Mtu uliyemfuta kamasi huwezi kumshuku.

Wiki tatu baadaye Baba akafariki. Mama akasema mumewe hatoki ndani mpaka mtoto wake wa kwanza amwone. Wajomba wakanung'unika, wakampa mpaka saa kumi jioni ya kesho yake. Dada akajaza maombi ya viza mtandaoni. Kwenye lengo la safari palikuwa na utalii, biashara na mikutano. Mazishi hayakuwemo, mgeni hatarajiwi kuwa na maiti wake humu nchini. Akachagua utalii, akapanda ndege ya kwanza akiwa na nguo nyeusi na macho mekundu, mtalii kamili.

Mkuu wa zamu alikuwa amempa Bwana Kadi ruhusa ya msiba. Akaikataa ili dada amkute mlangoni, ofisi nzima ikamsifu kwa uzalendo. Lakini asubuhi hiyo alipofika kazini alimkuta mkaguzi kutoka makao makuu, mama mwembamba mwenye miwani na sauti ya upole, amevuta kiti kizima na kukaa nyuma ya bega lake. Nchi jirani ilikuwa na mlipuko wa homa hiyo ya manjano, na wiki hiyo hiyo ofisa wa mpaka mwingine alikuwa amefukuzwa kwa kupitisha watu bila kadi.

"Endelea na kazi, Bwana," alisema mkaguzi. "Fanya kama sipo."

Hakuna sentensi inayomfanya mtu awepo zaidi ya hiyo.

Ndege ikatua. Foleni ikasogea. Dada alipomwona mdogo wake akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu apate habari, akafungua mikono.

"Kadi!" alisema Bwana Kadi.

Dada akacheka kidogo, akidhani ni utani wake ule ule. Kisha akaona miwani nyuma ya bega. Mikono ikashuka.

"Sina kadi."

"Huna?" Mkaguzi akainama mbele. "Pole, mama. Masharti hukuyasoma?"

"Niliyasoma."

"Na bado ukaja. Nani alikushauri?"

Dada akazitazama kucha zake. Bwana Kadi akachukua muhuri, akaanza kuufuta kwa kitambaa, ingawa ulikuwa msafi kuliko dhamiri yake.

"Nilijishauri mwenyewe," alisema dada.

"Umekuja kutalii?"

"Nimekuja kumzika baba yangu. Leo, saa kumi."

Mkaguzi akavua miwani. Ole wake anayedhani wakali ndio wabaya na wapole ndio wepesi. Huyu alikuwa mpole kweli, na hapo ndipo balaa ilipoanzia.

"Kwa msiba kanuni ina nafasi," alisema taratibu. "Tunakuchunguza, kisha ndugu mmoja anakudhamini hapa hapa mezani, unakwenda kuzika ukiwa chini ya uangalizi wake. Una ndugu wa kuja hapa?"

Meza ilikuwa nyembamba, Bwana Kadi angeweza kumgusa. Neno lililohitajika, "mimi", halikuzidi "kadi" kwa urefu. Lakini nyuma ya neno hilo angekuja "kumbe ni dada yako," na nyuma yake "kumbe wewe ndiye uliyemshauri," na nyuma ya hayo yote ofisa mmoja asiye na meza wala muhuri. Bwana Kadi akaukagua muhuri kwenye mwanga.

Dada alimsubiri. Alimsubiri kama alivyokuwa akimsubiri zamani afunge kamba zake mwenyewe, bila kumsaidia, hata shule ikichelewa.

"Mama, una ndugu?" aliuliza mkaguzi tena.

"Sina," alisema dada. "Nilidhani ninaye."

Akarudishwa na ndege iliyomleta. Bwana Kadi ndiye aliyegonga muhuri, na aliugonga katikati kabisa, bila kupinda, maana kazi ni kazi.

Alifika nyumbani jeneza likiwa limeshafungwa. Wajomba walikuwa wamesimama uani wakitazama jua. Mama alikuwa kizingitini, khanga begani, akitazama nyuma ya mwanawe, kisha nyuma zaidi, mpaka barabarani.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Wamemrudisha, Mama. Hakuwa na kadi."

"Ni nani na nani waliomrudisha?"

Bwana Kadi akainama kukaza kamba ya kiatu.

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo. Mlangoni."

Mama akamtazama kwa muda, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akawapa ishara wajomba wanyanyue. Bwana Kadi akasogea kuchukua mpini wa mbele, ule wa mtoto wa kiume, na mkono wa mama yake ukamzuia kifuani, pale pale alipozoea kujipiga.

"Wewe kaa mlangoni," alisema. "Ndiyo kazi yako."

Wakapita naye Baba. Mlango ukasimama kando, ukawapisha.