Kijiko cha Mguu wa Kitanda

Jumatano asubuhi mshona magodoro alikipindua kitanda chake cha chuma, akakata mguu mmoja kwa msumeno, upande aliokuwa akilala marehemu mumewe. Upande wake mwenyewe hakuugusa. Mgongo wake bado ulikuwa na kazi nao. Palipokuwa na mguu akaweka matofali matatu, kisha akaenda na bomba la ule mguu kwa fundi wa kuchomelea.

Kwapani alibeba beleshi bovu. Alitaka likatwe pande zote mbili mpaka liwe jembamba kama ulimi wa ng'ombe, ubavu mmoja uchongwe meno ya kukatia mizizi, na lile bomba liwe mpini, mfupi, wa mtu anayechimba amepiga magoti.

"Mama, hili beleshi au kijiko cha jitu?" fundi aliuliza.

"Wewe choma. Jitu nitalitafuta mwenyewe."

Jitu lenyewe lilikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa ameshachukua baiskeli, redio na mlango wa choo, na kila mara marehemu alisema, "Mpe tu, ni mdogo wangu." Sasa alikuwa ameshusha matofali ya kujenga ukuta. Ukuta ungepita shibiri moja kutoka mlango wa jikoni wa mshona magodoro, na mlango huo ulifungukia nje. Shemeji alisema mpaka ndio huo, na kweli kigingi cha zege kilikuwepo, simenti yake bado mbichi. Kigingi cha zamani, cha chuma, kilikuwa hatua sita mbele, upande wa shemeji, mpaka wiki ya matanga, miaka minne nyuma, kilipokatwa na kufukiwa.

Afisa ardhi angekuja Ijumaa. Kabla ya hapo kilihitajika kisiki cha kile chuma.

Mnunua vyuma chakavu alimwazima mashine yake ya kutafutia vyuma, ile inayopitishwa juu ya ardhi ikalia. Ililia kila mahali. Ukoo ule haukuwahi kuinama kuokota msumari. Kwa jembe, ua mzima ungegeuka shamba. Kwa kijiko, alitoboa mashimo membamba kumi na moja, akapata misumari, vizibo na nusu ya mkasi. Kwenye shimo la kumi na mbili mpini ulikohoa.

"Huyu fundi kachomelea vibaya," sauti ya marehemu ilisema ndani ya bomba. "Kuna tundu, upepo unaingia."

"Miaka minne kimya, unaanza na fundi. Kigingi kiko wapi?"

"Sogea kushoto. Siyo huko, kushoto kwangu."

Alisogea kushoto kwake. Kina cha kiwiko, kijiko kiligonga kifuniko cha sufuria kilichotobolewa katikati, na ndani ya tundu hilo kisiki cha chuma. Siku ya kupima kiwanja, marehemu alieleza, alikivisha kigingi kile kifuniko kiwe shahidi.

"Kwa hiyo kifuniko changu wifi hakukiiba."

"Hakukiiba."

"Sijasema naye miaka kumi na minane."

"Nilidhani mna sababu nyingine," bomba likajibu.

Ijumaa afisa ardhi aliinama shimoni, akaona kisiki, akaona kifuniko. Alisalimiana na bomba, akalipatia pole kwa msiba, kisha akaandika.

"Mama, mimi napima kwa kigingi kinachoonekana. Hiki kiko chini."

"Si tumekifukua?"

"Bila kibali. Na huyu shahidi wa bombani, ana kitambulisho?"

"Walikichukua walipotoa cheti cha kifo."

"Basi mzee mwenyewe anaelewa."

"Naelewa," bomba lilisema. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuelewa.

Ukuta ulipanda wiki nzima iliyofuata. Mlango wa jikoni ukawa unafunguka upana wa kupita paka, na mshona magodoro akaanza kutokea dirishani, goti la kulia kwanza. Jumamosi shemeji alisimama nje ya dirisha hilo, kofia mkononi.

"Shemeji, yamenipungua matofali matatu tu. Nimeona unayo chini ya kitanda."



"Mpe tu," bomba lilisema kutoka pembeni. "Ni mdogo wangu."

Mshona magodoro alichukua gunzi la muhindi, akalisokomeza kwenye mdomo wa bomba, akaligonga mara mbili kwa kiganja. Bomba likarudia maneno yale yale, kwa sauti ya puani.

Basi akainua kitanda kwa bega, akayavuta matofali, na mahali pake akakisimamisha kile kijiko. Kitanda kikakaa sawa. Matofali akayapitisha dirishani, moja baada ya jingine. La tatu alilishikilia kidogo, shemeji naye ameshika upande wake, wakatazamana. Kisha mkono wa mshona magodoro ukachoka, akaliachia.