Sitini na Mbili na Nusu ya Kassimu

Telefone ya Kassimu ilikuwa pana kama sahani ya mboga, na tangu ilipoingia katika mfuko wa kanzu yake, mwenyewe aliacha kabisa kusumbua kichwa. Kichwa kilibaki cha kuvalia kofia. Ndivyo alivyosema Amisa, mke wake mkubwa, na Amisa hakuwa mtu wa kusema jambo mara moja akalisahau. Alilisema kisimani, alilisema sokoni, alilisema hata akiwa peke yake anachambua mchele.

Mwaka huo shule ilipotangaza matokeo, binti yao Chadia, wa darasa la saba, alipita masomo yote isipokuwa hesabu. Muhula wa kwanza asilimia arobaini, muhula wa pili asilimia arobaini na tano. Mwalimu alijumlisha, akagawanya kwa mbili, akaandika kwa wino mwekundu: arobaini na mbili na nusu. Chini ya hamsini ni mtihani wa kurudia, ule wanaouita repeshaji. Na asiyeandikishwa na mzazi kabla ya Ijumaa adhuhuri, mtihani huo haufanyi. Anakaa darasa lilelile mwaka mwingine, na wadogo zake wanamkuta hapo.

Mzazi aliyetakiwa, kumbe, si mama. Sekretere wa shule, kijana mwenye ndevu tatu, alimwambia Amisa bila kuinua macho:

"Tunamutaka yule aliyemuleta mutoto siku ya kwanza, mama. Baba yake."

"Na mimi ni nani yake? Nilimuokota njiani?"

"Baba yake, mama."

Basi kazi ikawa kumfikisha Kassimu shuleni. Kumfikisha mbuzi kwa daktari wa meno kungekuwa rahisi zaidi, kwa sababu Kassimu alikuwa amekwisha kufanya hesabu yake mwenyewe. Siku ya matokeo alisimama mbele ya duka lake, akaiinua telefone juu ili majirani waione vizuri, akabonyeza: arobaini, jumlisha arobaini na tano, gawanya kwa mbili. Telefone ikamjibu sitini na mbili na nusu. Hakungoja zaidi. Alichukua poda dukani, akammwagia Chadia kichwani kama wanavyomwagiwa watoto waliopita, mtaa mzima ukitazama. Mtoto wa watu akasimama pale mweupe kama muhogo uliomenywa, machozi yakichimba mifereji mashavuni.

"Analia kwa furaha," Kassimu aliwaeleza watu.

Usiku ule ule, baada ya kula, Chadia alijaribu kumfungua macho.

"Baba, telefone inagawanya kwanza. Inachukua ile arobaini na tano peke yake, inaikata kwa mbili, ndiyo inaongeza arobaini. Lazima ufunge zile mbili za mbele ndani ya mabano."

"Mabano ya nini? Hesabu iko mbuzi, niifungie zizini?"

"Jaribu tu, baba."

Akajaribu. Ikatoka arobaini na mbili na nusu. Kassimu aliitazama, akawatazama binti na mama yake, akapiga paja lake kwa ushindi.

"Mumeona? Bila mabano, sitini na mbili na nusu. Pamoja na mabano, arobaini na mbili na nusu. Alama ishirini za mutoto wangu zimepotelea ndani ya mabano! Huo ndio wizi wa yule mwalimu. Sasa mimi, Kassimu, niende kumupigia magoti mutu asiyejua kujumlisha? Jumamosi ninapanda pikipiki, ninapeleka biashara yangu Salamabila. Nikirudi, nitakwenda kumufundisha."

Amisa alimtazama namna mtu anavyotazama sufuria lililoungua. Yeye mabano hakuyajua. Aliishia darasa la tano, akatoka shuleni na kuzidisha mpaka sita. Kuanzia saba aliwaachia wenye nafasi. Lakini alijua kwamba mtoto aliyepata arobaini, kisha arobaini na tano, hawezi kwa njia yoyote kuwa mtoto wa sitini na mbili. Ni sawa na mtu mwenye mbuzi wawili wamekonda kusema kwamba, ukichukua wa katikati, ana ng'ombe. Jambo hilo hata kuku wa Kassimu wangelishtukia, kama wangeulizwa.

Kumwambia hivyo kungesaidia nini? Mwanamume akishakosea mbele ya watu, hulilinda kosa lake kama mtoto wa kwanza. Ilibidi akosee tena mbele ya watu, na mara hii kosa limuume.

Ndipo Amisa akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwaka Kassimu alipooa mke wa pili: alivuka uwanja, akaenda kubisha kwa mke mwenzake.

Malaika alikuwa mwanamke mwenye kope ndefu na kazi fupi. Hayo pia ni maneno ya Amisa. Alimkuta anajipaka mafuta miguuni.

"Yaya Amisa, dada mukubwa! Leo jua limetokea wapi?"

"Acha maneno. Ninataka unisaidie kumutia mume wetu haya."

"Haya atazikalisha wapi? Tumbo limejaza nafasi yote," Malaika alisema. Kisha akaweka chini chupa ya mafuta. "Lakini mimi niko nawe. Wiki iliyopita alihesabu siku za kulala kwangu kwa ile telefone yake. Siku moja ikapotea. Nilimuuliza imekwenda wapi, akasema niulize telefone."

Wakacheka pamoja, jambo lililowashtua wote wawili, wakanyamaza haraka.

Sasa ni lazima ujue kwamba Kassimu alijisifia kitu kimoja kuliko vyote, hata kuliko duka: haki kati ya wake zake. Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri aligawa chakula cha wiki cha majiko mawili, na hakukigawa ndani kama watu wengine. Alikigawa barazani, barabara ikiona, kopo kwa Amisa, kopo kwa Malaika, huku akisema kwa sauti kwamba mwanamume anayependelea atakwenda mbele ya Mungu bega limelala upande. Moussa, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, alikuwa anasimamisha mashine yake kila Alhamisi ili atazame. Haikuwa dini iliyomvuta. Alikuwa anangoja siku ambayo wanawake hao watapigana.

Alhamisi hiyo walimkuta Kassimu ameketi tayari na kopo mkononi. Amisa akaweka beseni mbili za mchele mbele yake.

"Baba Chadia, utapima kopo moja-moja mpaka lini, kama mutu wa zamani? Sisi tumekwisha kupima. Hii ya kwanza iko kopo arobaini. Hii iko arobaini na tano. Tuhesabie kwa telefone kila jiko linapata ngapi, tumalize."

Kassimu alifurahi hata kofia ikasogea. Akabonyeza huku akitamka kila namba ili Moussa asikie.

"Arobaini, jumlisha arobaini na tano, gawanya kwa mbili... sitini na mbili na nusu. Kila mutu."

"Mungu akuzidishie," alisema Amisa, akaanza kujipimia. Alipima taratibu, kwa heshima, mpaka kopo la sitini na mbili, akaongeza ile nusu akilisawazisha kwa kidole. Malaika akajipimia zilizobaki. Zilikuwa ishirini na mbili na nusu, na beseni zote mbili zikalia tupu.

Malaika akasimama, mikono kiunoni, uso kuelekea barabarani.

"Mume wangu, nimekukosea nini? Yaya amepata kikapu, mimi nimepata chakula cha kuku. Hiyo ndiyo haki unayowahubiria watu?"

Cherehani ya Moussa ilinyamaza. Mama mmoja aliyekuwa anapita na bakuli la dagaa kichwani akakumbuka kwamba hana haraka.

"Iko vipi hivi?" Kassimu aliuliza, akiitazama telefone, kisha beseni, kisha telefone. "Sitini na mbili na nusu. Mashine haina ndugu, haipendelei mutu."

"Basi mashine inanidai nini mimi?" alisema Malaika, na sauti yake ikapanda. Alikuwa na kipaji, huyo. Machozi yalimjia kama bomba.

Hapo Amisa alidhani kwamba mambo yamekwisha. Mtu yeyote mwenye akili ya kutosha kuvaa viatu mguu unaostahili angesema, jamani, nimekosea, leteni hayo mabano. Kassimu aliinuka, akafuta jasho, akaingia dukani. Akatoka na mchele wa kuuza, akampimia Malaika kopo arobaini, moja baada ya nyingine, mbele za watu.

"Haya. Sitini na mbili na nusu kwa huyu, sitini na mbili na nusu kwa huyu. Nani atasema kwamba hesabu yangu iko mbaya?"

Amisa alijua ameolewa na mjinga, lakini hakujua kwamba ujinga wenyewe una stoo. Akamgeukia Chadia, aliyekuwa amejibanza mlangoni. Mtoto alikuwa anahesabu kwa midomo. Akamnong'oneza mama yake sikioni.

"Mama, kinachoongezeka ni kile anachokitamka kwanza, kwa sababu hakigawanywi. Anza na kikubwa. Kidogo kiwe nyuma."

"Eh! Na ulifeli namna gani, wewe?"

"Niliogopa, mama."

Amisa akaingia ndani, akarudi na mafuta ya mawese.

"Baba Chadia, na mafuta pia. Hili dumu kubwa iko chupa ishirini. Hili dogo iko chupa nne."

"Ishirini, jumlisha nne, gawanya kwa mbili. Ishirini na mbili kila mutu!"

Amisa akachukua zake ishirini na mbili. Kwa Malaika zikabaki mbili, na Malaika akafungua tena bomba. Kassimu akarudi dukani, na mara hii hakutembea kwa maringo. Mafuta ya dukani alikuwa ameyafunga kwa safari ya Salamabila, ambako wachimba dhahabu wananunua chochote kinachong'aa. Alimmiminia Malaika chupa ishirini, akapangusa mikono kwenye kanzu, na kanzu ikapata rangi.

"Kassimu, ndugu yangu," Moussa alipaza sauti kutoka ng'ambo, "kama unagawa hivyo, basi nioe na mimi!"

Watu walicheka. Amisa hakucheka. Alikuwa ameshaleta maharagwe.

"Ya mwisho, Baba Chadia. Kikapu hiki, kopo sitini. Na katika bakuli hii, kopo mbili."

Kassimu alibonyeza, lakini sauti ilikuwa imepungua. "Sitini... jumlisha mbili... gawanya kwa mbili." Akaifunika telefone kwa kiganja.

"Tuambie!" alisema Moussa.

"Sitini na moja," Kassimu akasema kwa chini.

"Kila mutu?" aliuliza Malaika, kwa upole kabisa.

Kassimu aliangalia kikapu, akaangalia bakuli. Kopo sitini na mbili kwa wanawake wawili. Mtoto anayenyonya angejua. Mdomo wake ulisogea bila sauti: thelathini, thelathini, moja, moja. Mtu akimwangalia vizuri aliona wazo likipanda ndani yake polepole, kama pikipiki mbovu kwenye kilima cha njia ya Kabambare, inayopanda, inazima, inasukumwa. Mwishoni likafika.

"Thelathini na moja," akasema.

"Kumbe unajua," alisema Amisa. "Basi arobaini, na arobaini na tano, wawili wakigawana?"

Barabara nzima ilimjibia, na mama wa dagaa ndiye aliyetangulia.

Kassimu aliikunja kanzu yake, akaitia telefone mfukoni. Kukubali? Asingekubali hata mbele ya mizani ya siku ya mwisho.

"Hii telefone imeingia vumbi," alisema kwa hasira. "Vumbi ya barabara. Niliwaambia tangu zamani."

"Ndiyo, Baba Chadia. Vumbi," alisema Amisa. "Kesho utapitia shuleni saa ngapi?"

"Asubuhi," alisema Kassimu. "Nina njia yangu huko huko."

Hakuwa na njia yoyote huko. Lakini Ijumaa kabla jua halijawaka sana alikuwa mbele ya yule sekretere wa ndevu tatu, na jina la Chadia likaandikwa. Jumamosi alipanda pikipiki kwenda Salamabila na mzigo uliopungua, na hakuna aliyempungia mkono kwa nguvu. Mchele na mafuta havikurudi dukani. Wanawake hawakuwa wajinga kiasi hicho.

Wiki mbili nzima Chadia alifanya mazoezi karibu na jiko, na Amisa alikuwa anamuuliza.

"Kopo tatu za mchele zinataka kopo sita za maji," alisoma mtoto. "Kopo tano je?"

"Inategemea," alisema Amisa. "Kama mchele iko mupya, maji kidogo."

"Mama, haitegemei! Ni kumi. Hapa hakuna mupya wala mukuukuu. Wewe umechanganya hesabu na chungu."

Alisema hivyo kwa jicho la pembeni, mdomo umevutwa upande mmoja, dharau tupu. Amisa alilitambua jicho hilo. Alikuwa akilitumia yeye kwa miaka yote ya ndoa. Mtoto hakuwa anaogopa tena.

Matokeo ya repeshaji yalipotangazwa, Chadia alikuwa na asilimia sitini na nane. Malaika ndiye aliyepata habari kwanza, akatoka barazani, khanga imefungwa vibaya, akipiga vigelegele hadi kwa Moussa.

"Mutoto wetu amepita! Mutoto wetu!"

Amisa akamtazama kuanzia kope mpaka miguu iliyopakwa mafuta. "Wetu" tangu lini? Neno lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi, likiwa na pilipili yake yote. Akalimeza, kwa siku ile moja tu, akaanza kupiga vigelegele naye.