Ukurasa wa Arobaini na Moja

Siku tatu nzima chakula hakikupita kooni, na sababu ilikuwa namba mbili.

Ijumaa ile Profesa Gaëtan Morvillier alikuwa anastaafu, hapa chuoni Besançon. Nadharia yake ya namba tasa ndiyo iliyompa jina duniani, na mimi, Odile, mwanafunzi wake wa mwisho, nilipewa kazi ya kuieleza mbele ya wageni. Kiherehere changu kikanituma niisome tasnifu yake mstari kwa mstari. Watu wenye akili zao hawafanyi hivyo. Huinukuu tu, wakaenda zao. Ukurasa wa arobaini na moja nikakuta mzee amegawa kwa mbili mahali pasipogawika. Uthibitisho wake ulifaa kwa kila namba tasa isipokuwa mbili, ile shufwa pekee, ambayo sisi wa fani hii huisahau kila siku.

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, najua, lakini Mungu hakuwa na sherehe ya kuharibiwa. Mzee huyu nilimpenda kama baba. Saa moja kabla ya wageni nikabisha ofisini kwake, roho mkononi.

"Profesa, ukurasa wa arobaini na moja."

"Una nini?"

"Umeisahau mbili."

Akavaa miwani, akasoma. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka.

"Si mimi niliyekukata alama kwa kosa hilihili?"

"Ni wewe. Tena mbele ya darasa zima."

"Basi leo jilipizie. Shika chaki."

Tukajaribu kuziba ufa, ukakataa. Tukapata hata mfano ulioonyesha kwamba kwa mbili nadharia ni ya uongo kabisa. Mkewe, Solange, akachungulia mlangoni.

"Jibini la wageni linatoa jasho huko ukumbini. Huyu hata siku ya harusi yetu alichelewa, Odile. Siku hiyo kilichomchelewesha kilikuwa namba tatu."

Ukumbini mzee alisimama na vumbi la chaki kwenye koti.

"Nadharia yangu ina kosa. Ameligundua Odile," alisema. "Watu mia mbili wameinukuu kwa miaka thelathini na minne. Nilidhani nitakufa kabla haijasomwa."

Wageni wakacheka sana. Kisha, mmoja mmoja, wale walioinukuu wakainamia sahani zao. Mzee alikuwa ananitazama mimi, amefurahi, na mimi nikashindwa kuzuia machozi.