Viva Nani?

"Usiniulize jina lake," Donato alisema, akisukuma koleo lake refu la mbao ndani ya tanuri. "Nimeshakwambia, Bi Nunziata. Jina halitajwi humu mpaka mambo yawe mambo."

Bi Nunziata, mwenye miaka themanini na mitatu na ulimi ambao haujazeeka hata siku moja, alikuwa ameleta donge lake la unga kwenye ubao, limefunikwa blanketi la sufu, kama alivyofanya kila Alhamisi tangu alipoolewa.

"Mwenzio nauliza ili nimwombee. Nitamwombeaje mtoto asiye na jina? Nimwambie Mungu, yule wa Donato?"

"Mungu anamjua."

"Haya, bwana mkubwa. Basi angalau mhuri wangu uugonge vizuri. Wiki iliyopita ulinipa mkate wa jirani, mgumu huo! Nusura uning'oe jino, na ndilo nililobakiwa nalo."

Donato akacheka, akauchukua mhuri wake rafuni. Hapa Altamura kila nyumba ilikuwa na mhuri wake wa mbao, wenye herufi ya ukoo. Wanawake walikanda nyumbani, wakaleta unga tanurini, na mwokaji akaugongea kila mkate herufi ya wenyewe ili usipotee kati ya mikate ya watu. Siku hizi wengi hununua dukani, yao hayo. Ila sisi wa ua huu, nyumba kumi na moja zinazotazamana na mlango mmoja wa kutokea, bado tuna Donato Cifarelli na mihuri yetu rafuni kwake. Na tuna desturi moja ambayo hatumpi mtu: mtoto akizaliwa uani, tanuri linaoka mikate midogo yenye herufi ya jina lake, na kila nyumba inapelekewa mmoja. Anayeula ameshampokea mtoto. Hawezi tena kusema hamjui.

Miaka tisa iliyopita tulikula mikate yenye herufi S. Siku hiyo Donato na mkewe Dora walirudi kutoka India na Sunanda, wa miaka mitatu, amelala begani kwa baba yake, kiatu kimoja kimepotelea njiani. Leo Sunanda ana miaka kumi na miwili, na anamshinda babake kwa kubishana.

Mtoto wa pili ndiye aliyekawia. Miaka sita! Karatasi za mahakama, karatasi za daktari, mihuri juu ya mihuri, na zikikamilika za huku, za kule zimeshapitwa na wakati. Mama mmoja wa ustawi wa jamii alikuja mara nne kuangalia vitanda. Mara ya mwisho alimuuliza Donato, kwa upole lakini alimuuliza, kama kweli mtu anaweza kumlea sawasawa mtoto ambaye si damu yake.

"Mama," Donato akajibu, "mimi maisha yangu yote nimeoka mikate ya watu. Hakuna hata mmoja niliouunguza kwa sababu haukuwa na mhuri wangu."

Jibu hilo lilizunguka ua mzima kabla ya chakula cha mchana. Tulilisema kwa majivuno, kama tulilitunga sisi.

Lakini kulikuwa na lile la Meena. Mwaka wa tatu wa kungoja walipigiwa simu: kuna msichana, ana miaka mitano, anaitwa Meena. Donato hakusubiri. Alichonga mhuri wa mti wa mzeituni, herufi M, akautia mafuta, akampitishia kila mtu auone. Siku ya kumi na moja simu ikalia tena. Mjomba wa mtoto alikuwa amepatikana, naye amemchukua. Dora alilia wiki nzima. Donato alisema, "Kaenda kwa watu wake, ni heri," akautumbukiza mhuri ndani kabisa ya droo ya kamba na mishumaa. Tulimsikia anavyoukanda unga siku zile. Tokea hapo akaapa: hakuna jina, hakuna mhuri, mpaka hakimu wa kule atie saini.

Februari mwaka huu walipata habari za mwingine, wa miaka sita. Picha yake ilibandikwa ndani ya mlango wa kabati, upande usioonekana. Dora alimtaja kwa kunong'ona. Sunanda alimtaja akiwa peke yake. Donato alimwita "yule". Na wote watatu walijua kwamba kibali chao kinakwisha Oktoba, na kwa umri wao, kuanza upya kungekuwa sawa na kuambiwa hapana.

Wa kumchokoza hakukosekana. Cosimo, mstaafu wa reli anayekaa mkabala na tanuri, alikuwa akichungulia dirishani kwake kila asubuhi.

"Fundi! Huyo mtoto anakuja kwa miguu?"

"Anakuja kwa treni uliyokuwa unaiendesha wewe. Ndiyo maana hafiki."

Wale wawili walikuwa na ugomvi wao wa siku nyingi, na chanzo chake ni ukuta. Kila kiangazi Donato huupaka chokaa ukuta wa mbele ya tanuri mpaka unaumiza macho. Mwaka timu yetu ya mpira ilipopanda daraja, Cosimo alichukua mkaa akaandika hapo W kubwa na jina la timu. Katika lugha yetu ya hapa Altamura herufi W haina kazi nyingine. Majina yetu hayana W, maneno yetu hayana W. Iko ukutani tu, na maana yake ni "viva", yaani fulani na adumu. Ukiigeuza miguu juu, maana yake ni "chini", yaani fulani na apotee. Donato aliisugua ile W kwa siku mbili, na hakumsemesha Cosimo mpaka Krismasi.

Alhamisi hiyo ya Julai shule zilikuwa zimefungwa, na joto la nje lilikuwa linashindana na la ndani. Bi Nunziata alikuwa bado anasimulia habari za jino lake Dora alipoingia. Amevaa ndara moja. Simu iko mkononi, mdomo unachezacheza bila sauti. Sunanda yuko nyuma yake, macho kodo.

Donato akamtazama, rangi ikamtoka. Meena, alifikiri. Tena.

"Sema," alisema. "Sema tu, Dora."

"Ametia saini."

"Nani?"

"Hakimu! Ametia saini leo, Donato! Ni wetu!"

Bi Nunziata akapiga ishara ya msalaba mara tatu. Donato akasema kwa sauti ndogo, "Ngojeni, mikate itaungua," akageukia tanuri. Akaitoa mmoja mmoja, akiugonga kila mkate chini kwa kidole kusikia kama umeiva, asiruke hata mmoja, na machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Mkate wa mwisho ulipotua rafuni akaketi juu ya gunia la unga, Dora akaketi ubavuni kwake, na wakashikana mikono kama watoto waliopotea sokoni wakaonana.

"Baba," Sunanda alisema, "mikate ya mtoto!"

"Kesho, mama. Inabidi nichonge mhuri."

"Unga umeumuka sasa hivi. Wewe mwenyewe husema unga haungoji mtu."

"W naitoa wapi? Nani hapa ana W?"

Sunanda alikwishafika kwenye droo. Akatupa kamba huku, mishumaa kule, akaibuka na mhuri wa mzeituni. Donato akauona, uso ukamkaza.

"Huo uache. Huo ni wa mwenzake."

Mtoto hakubishana, jambo lisilo la kawaida. Aliugeuza tu kichwa chini, akamwonyesha.

"Na sasa je?"

Donato akaunyoosha mkono, akaupokea ule mhuri, akapitisha kidole gumba kwenye miguu ya ile herufi aliyoichonga kwa furaha, akaificha kwa uchungu.

"Meena kamwachia mdogo wake," Dora alisema.

"Kamwachia," Donato akaitikia. "Lete unga."

Wakaoka mikate kumi na moja, ya mviringo. Sunanda ndiye aliyegonga mhuri, na Sunanda ndiye aliyeibeba uani kwenye ubao kichwani, kichwa juu, haangalii mtu. Mlango wa kwanza, kwa sababu ulikuwa karibu, ulikuwa wa Cosimo.

Sasa, mkate wa mviringo hauna juu wala chini. Unaushika unavyoushika. Haikupita dakika, Cosimo akatokea mlangoni mwa tanuri na fulana yake ya ndani, mkate kaunyanyua juu, mwekundu wa hasira.

"Chini! Chini nani? Mimi, sivyo? Maneno mawili matatu ya utani, unanitukania kwenye mkate! Mbele ya mtoto!"

Kelele hizo zikatutoa wote. Mwingine alikuwa na mkate wake mkononi anauangalia kwa mashaka. Mwingine anauliza ni uchaguzi au nini.

"Cosimo," Donato alisema.

"Usiniite Cosimo! Miaka arobaini jirani!"

"Cosimo. Geuza mkate."

"Nini?"

"Ugeuze."

Cosimo akaugeuza. Akautazama. Hasira ikamshuka usoni polepole, na mahali pake pakaja kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa mzee yule.

"Viva," akasoma. "Viva nani?"

Tulijua, kila mmoja wetu, kwamba mtu huyu hajalitamka jina hilo kwa miezi mitano. Donato akajifuta mikono kwenye aproni, mbele na nyuma, kama mtu anayetaka kupeana mkono na mgeni. Akatoka juani.

"Wamika," alisema.

Ikatoka ndogo. Akakohoa, akajaribu tena, na safari hii nadhani hata wa kanisa kuu walisikia.

"Wamika! Wamika Cifarelli! Binti yangu! Ana miaka sita, anaogopa mbwa, na tunakwenda kumchukua Septemba!"

Weee! Vigelegele, makofi, mtu anagonga sufuria. Kila mmoja akalijaribu lile jina kinywani, na kila mmoja akaliharibu kivyake, Sunanda anapita akiturekebisha kama mwalimu mkali. Bi Nunziata alikuwa ameshafumba macho, anamwombea hapohapo kwa jina lake, akiwa na kipande cha mkate kinywani. Cosimo alimkumbatia Donato, akampaka jasho, akarudi kwake.

Asubuhi ya pili ukuta mweupe ulikuwa na maandishi ya mkaa, makubwa, yamelala upande kidogo: W WAMIKA. Donato alisimama mbele yake, akayasoma. Juu dirishani Cosimo alikuwa anapiga mluzi, anatazama mawingu yasiyokuwapo.

Safari yao ilikuwa Jumapili moja ya Septemba. Jumamosi yake Donato alitoa ngazi, akakoroga ndoo ya chokaa, akaanza kuupaka ukuta kwa brashi kubwa kutoka pembeni, kama kila mwaka. Alipofika kwenye maandishi ya Cosimo akashuka.

"Sunanda, mama, niletee ile brashi ndogo ya kufutia unga."

Akapiga magoti, akapitisha chokaa kuzunguka kila herufi, taratibu, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo. Mguu wa A ya mwisho ulikuwa umefifia kwa mvua ya Agosti. Akaenda ndani, akachagua kipande cha mkaa kutoka tanurini, akakipuliza majivu, akarudi kuukoleza.