Mahari ya Mtama

Sikilizeni. Mie siasa za Marekani nilikuwa nikizitazama kwa simu kama watu watazamavyo mpira, ushabiki tu, mpaka siku zilipoingia ghalani kwetu Changamwe zikakaa juu ya magunia.

Kazi yetu ilikuwa kushona. Magunia ya msaada yakishuka bandarini mengine huwa yamepasuka, basi sie wanawake twakaa ghalani na sindano ndefu na uzi wa katani, twashona, twafagia punje, twajaza tena. Mkubwa wetu alikuwa Bi Mwanatabu wa Jomvu Kuu. Huko kwao hakuna posa inayotoka nyumbani kabla yeye hajakagua sinia. Ubavuni mwangu alikaa Kahaso, rafiki yangu, mtu wa Ganze, ndani huko Kilifi, ambako mvua imewasahau. Na mtama uliojaa lile ghala ulikuwa wa Ganze. Elkana, msimamizi wetu, alikuwa ashaandika kwa chaki kwenye magunia ya mbele, herufi kubwa: GANZE. Kahaso akipita huligusa lile neno kama mtu anayemgusa mtoto kichwani. Mamake na watoto wake walikuwa wakiungoja huo mtama. Mbuzi walikwisha kufa. Mama alimwambia kwa simu kwamba sasa wachemsha majani ambayo mara ya mwisho aliyala akiwa msichana.

Halafu amri ikaja kutoka ng'ambo: simamisheni kila kitu. Malori yakazuiwa, magunia yakakaa, sie tukaambiwa tufagie.

Mie nikaingia kwenye simu kumtafuta aliyenuna huko hata amri ikatoka ni nani. Kiingereza changu ni cha kuokota njiani, lakini kuna ile programu ya kutafsiri, na mie nikishaanza kusoma siachi. Nikampata seneta mmoja wa jimbo linalolima mtama. Miaka nenda miaka rudi ndiye aliyekuwa akipigania msaada upite, maana serikali yao ikinunua mtama wa kutupa sie, wakulima wake wauza. Hapo hapakuwa na huruma, palikuwa na kura. Sasa mwaka huu katokea mtu wa chama chake mwenyewe akitaka kile kiti, azunguka mikutanoni akisema mzee huyu awalisha wageni na huku hospitali za vijijini kwetu zafungwa. Watu makofi. Seneta kuona vile, akageuka, na msaada ukakosa wa kuutetea. Video ninayo: kasimama ukumbini na kofia pana, asema kila punje ibaki nyumbani. Makofi tena, mengi kuliko ya yule mwenzake.

Nikawaonyesha wenzangu. Kahaso akauliza punje gani hiyo ya kubaki nyumbani, na mbona yeye ameikalia hapa Changamwe.

Bi Mwanatabu akaitazama video mpaka mwisho, akanirudishia simu. "Huyu ana mke mkubwa," akasema.

Nikamwambia hapana bi, huu ni uchaguzi, hakuna mambo ya wake hapa.

"Ndiyo hayo hayo, mwanangu. Wapiga kura wake ndio mke mkubwa. Mke mkubwa akinuna jikoni kwake, mke mdogo huku ng'ambo alala na njaa, na kosa lake halijui. Sie hatujakosana na mtu. Kumekosanwa huko."

Nikayaandika maneno hayo nikayarusha mtandaoni. Yakaenda. Mtu wa Likoni akauliza kama mke mdogo aruhusiwa kurudi kwao. Mwengine wa Junda akajibu, arudi wapi na nyumba ni yake.

Basi tukawa twacheka hivo, mpaka Maxwell akaja. Maxwell ni kijana wa shirika la msaada, katoka Nairobi na shati limepigwa pasi, si mtu mbaya. Alitukusanya akatueleza taratibu. Mtama unakaribia kupitwa na muda. Fukusi wameingia. Pesa za kuusambaza zimekatwa. Kesho asubuhi malori yatakuja kuubeba, uende ukachomwe kwenye tanuri la taka, mbele ya Mariakani.

Kahaso akasimama na sindano mkononi. Akamuuliza kwa adabu kabisa: kwenda Mariakani si lazima upite Mazeras? Na ukifika Mazeras ukikata kulia si ndiyo njia ya Kaloleni, mpaka Ganze? Sasa lori likikata kulia, shida i wapi?

Maxwell akasema shida si njia. Shida ni mwenye mali. Mpaka ugawiwe, mtama ni wa Marekani, na Marekani kasema uchomwe. Halafu akaongeza kwamba hata hivyo una wadudu, hauliki.

"Fukusi hali sumu," Bi Mwanatabu akasema. "Mtama anaoukataa fukusi ndio wa kuuogopa. Nadira, hebu nisomee gunia hilo lasemaje."

Nikasoma. Chini ya picha ya mikono miwili iliyoshikana paliandikwa kwamba hii ni zawadi kutoka kwa watu wa Marekani.

"Zawadi," akasema. "Hawakuandika mkopo, hawakuandika amana. Mtu kaja na mizigo yake, katushika mkono mbele za watu, kaandika na jina. Kwetu Jomvu hiyo ni posa, na hii ndani ya gunia ni mahari. Sasa katuacha, haya, talaka ni yake. Lakini mume akiacha mke, mahari hadai."

Wanawake wakaangua kicheko. Maxwell naye akacheka kidogo, kisha akajikaza akasema kwao bara mahari hurudishwa.

"Hurudishwa mke akikimbia. Hapa nani kakimbia? Sie si hawa, twafagia? Aliyekimbia ni yeye."

Maxwell akatafuta pa kutokea. Akasema basi mama, hata kama ingekuwa mahari, hakuna mtu aliyeipokea.

Hapo ndipo alipojimaliza. Angesema neno jengine lolote. Bi Mwanatabu alimtazama kwa upole, kama mtu aliyekumbushwa kitu alichokisahau jikoni.

"Umesema kweli, baba," akamwambia. "Haijapokewa."

Elkana alitufuata nje akatuonya. Yeye ni mtu wa bara aliyeishi Mikindani mpaka kawa wa hapa, na maonyo yake ni ya woga wa kweli: atakayegusa gunia kazi hana, na yeye msimamizi atakuwa wa kwanza kutolewa. Bi Mwanatabu akamwahidi kwamba hakuna atakayegusa gunia. Kesho yeye afanye kazi yake kama alivyoamriwa, na akiulizwa swali, ajibu kweli. Kahaso alikuwa ashampigia mamake.

Asubuhi, Bonface wa langoni alishangaa kuona wanawake wa Jomvu Kuu wanakuja wamejifunga leso mpya, sinia vichwani, chetezo chafuka udi, marashi yarushwa mpaka kwenye sare yake. Wengine niliwaona mara ya kwanza: mamake Kahaso na wenzake, wameshuka basi la alfajiri kutoka Ganze, vumbi bado miguuni. Bonface akauliza kuna nini. Akaambiwa kuna mahari yapokewa. Akaangaza huku na huku, akauliza bwana harusi yuko wapi. Nikamwonyesha gunia.

Nilikuwa nishaanza kurusha mubashara.

Maxwell alipotuona akamwambia Elkana apakie haraka malori yatoke. Elkana akapakia. Lori la kwanza likabeba yale yenye chaki ya GANZE, likaja mpaka langoni, likasimama, maana mbele yake wanawake walikuwa wametandika mkeka. Dereva, anaitwa Dancun, akazima injini akaegemeza viwiko kwenye usukani kama mtu aliyelipia tiketi.

Bi Mwanatabu hakupiga kelele. Alisimama kwenye mkeka akauliza kama aulizavyo kwenye nyumba za watu: "Wageni wetu, mmekuja na nini?"

Kwa desturi hapo hujibu aliyeleta mzigo. Na aliyeleta mzigo, aliyeshika ghala na funguo, alikuwa Elkana. Sote tukamgeukia. Akamtazama Maxwell. Maxwell akatingisha kichwa kumkataza. Elkana akavua kofia yake ya kazi akaishika kifuani.

"Tumeleta mtama," akasema. "Wa Ganze."

"Na apokeaye ni nani?"

Mamake Kahaso akasogea. Mwanamke mwembamba, mrefu. Akapandisha mikono yote miwili akaibandika kwenye gunia, palepale penye chaki. "Mimi nimepokea," akasema. "Na hawa wote ni mashahidi."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, nadhani hata Likoni vilisikika.

Maxwell alisema hayo ni maigizo, njia ifunguliwe. Tukamfungulia. Mkeka ukakunjwa, wanawake wakasimama kando kwa heshima zote. Kahaso na mamake wakapanda mbele kwa Dancun, mie nyuma yao na simu, na Maxwell akatufuata na gari la shirika.

Sasa njiani ndipo simu ilipochemka. Watu walikuwa wameingia kutazama, wa hapa, wa Uarabuni, wa wapi sijui, na katikati ya maandishi yao nikaona ujumbe mmoja, nikauweka kwenye tafsiri. Aliyeandika alikuwa mkulima, yuko macho usiku wa huko kwao. Wa jimbo la yule seneta. Asema ile alama ndogo ya bluu kwenye mshono wa gunia ni ya ghala la kijijini kwao. Mtama huo nimevuna mimi, akaandika. Nani kasema uchomwe? Nikamjibu kwa Kiingereza changu kile kile kibovu: ni seneta wako, kwa sababu ya makofi yenu.

Akatoka. Nikadhani nimemuudhi. Kumbe kaenda kuamsha wenzake. Walipofika walikuwa kundi zima, wauliza, wagombana wenyewe kwa wenyewe, na mmoja akanituma niende nikatazame chini ya ile video ya kofia pana. Nikaenda. Palikuwa pakiwaka. Nikawasomea Kahaso na mamake kwa sauti: mke mkubwa kageuka, amgombeza mume.

Kahaso hakuwa akisikiliza. Macho yake yalikuwa njiani. Tulikuwa tumefika Mazeras.

Dancun akalisogeza lori pembeni, kabla ya njia panda. Mbele, Mariakani na tanuri. Kulia, Kaloleni na watoto wa Kahaso. Simu yake ikalia, Maxwell, akaiacha ilie.

"Mama," akamwambia mamake Kahaso, "dereva hufuata neno la nani?"

"La mwenye mzigo."

"Basi niambie."

Mama akaonyesha kulia kwa kidevu. Dancun akawasha taa ya kukatia.

Maxwell alikuwa ashateremka na kuja mpaka dirishani. Nami simlaumu kwa woga wake. Akasema Dancun atapoteza kazi, na yeye atapoteza, na kwamba magunia yale yote ni lazima yachomwe, hana la kufanya.

Kahaso akafungua mlango akashuka. Akaenda nyuma ya lori, akafungua turubai, akarudi akasimama mbele yake. "Wataka kuyachoma, yashushe," akamwambia. "Moja moja, kwa mkono wako. Sitakuzuia. Nitakaa hapa nikutazame, na mamangu atakutazama, na Nadira atawaonyesha waliolima."

Nikamwelekezea simu. Akaona idadi ya watu waliokuwa wakimtazama. Akajiweka kola sawa, sijui kwa nini, halafu akatazama yale magunia, ile mikono miwili imeshikana. Alirudi garini akakaa bila kuwasha, na sie tukakata kulia.

Kabla jua halijatua yule seneta alikuwa ukumbini tena, kofia ile ile. Asema hajawahi kukubali jasho la wakulima wake lichomwe, na kwamba yeye ndiye aliyeamuru mtama ugawiwe. Makofi. Yeye hakubadilika hata unywele. Ukumbi ndio uliobadilika.

Maxwell akanipigia tukiwa Ganze, sauti ya furaha, kama si yeye. Magunia yote yaliyobaki yameruhusiwa. Kazi yake iko, ya Elkana iko. Kuna kitu kidogo tu wakubwa wameomba: video fupi ya hawa kina mama wakimshukuru seneta kwa jina. Ataitumia kwenye kampeni.

Nikamuunganisha na Bi Mwanatabu, naye akamjibu kwamba mke aliyeachwa haendi kumpigia mumewe vigelegele kwa mke mkubwa. Akakata.

Kahaso alikuwa ameketi uani na ungo, apepeta fukusi, watoto wake wamemganda mgongoni waangalia moto. Aliposikia akasema nirekodi, hakuna neno. Nikawasha simu. Mamake akaja na sufuria ya ugali wa mtama, mweusi, watoka moshi, akaitazama kamera.

"Tumepokea," akasema, na kuanza kuwagawia watoto.

Nikamtumia Maxwell. Akaandika: ni hiyo tu? Hakuna asante? Nikamwambia ndiyo hiyo tu, na hiyo ndiyo yote. Akitaka achukue, akitaka aache. Nikaitia simu mfukoni, nikaosha mikono nile.