Kopo Lililojaa Pomoni

Ijulikane kwa wote, wakubwa kwa wadogo, walio macho na wanaosinzia: Komando, mwanafunzi wa kidato cha tatu, mfalme wa bweni zima, aliyewahi kutia chura kwenye kiatu cha kiranja kisha akalala usingizi mnono, hakuwa na woga hata chembe.

Basi huyo asiye na woga alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha eksirei, magoti yakigongana kama vikombe kwenye trei, amepakata bata wa plastiki.

Bata alikuwa wa mdogo wake, Kifaranga, wa miaka miwili. Mtoto alikuwa akipandwa na homa, inashuka, inarudi, na kila ikirudi daktari alikuta vijidudu kwenye mkojo. Sasa alitaka kujua kama mkojo, badala ya kushuka kama alivyopanga Mungu, ulikuwa unapanda kinyume kutoka kwenye kibofu kwenda kwenye figo.

"Tutapitisha mpira mwembamba mpaka kwenye kibofu," nesi alimweleza mama. "Tunatia dawa inayoonekana kwenye picha. Akikojoa, tunapiga picha. Dawa ikirudi juu, tutaiona."

"Ataumia?"

"Atalia, mama. Hawa hata kunyolewa wanalia."

"Na vile vijidudu?"

"Ndiyo maana tuliomba mkojo juzi. Vingekuwa bado vipo, tusingethubutu. Tungevisukuma wenyewe hadi kwenye figo, na figo ya mtoto ikishapata kovu, ndiyo basi. Lakini majibu yametoka safi kabisa."

Komando alimbana bata kifuani.

Majibu yangekosaje kuwa safi? Juzi asubuhi, yeye akiwa nyumbani likizoni, mama alimwachia kopo la mkojo, akakimbilia kazini. Kifaranga alikaa kwenye poti akimwimbia bata wake, tone halikutoka. Komando alibembeleza. Akafungulia bomba ili maji yamshawishi. Wapi! Mwisho akaingia chooni na kopo, akatoka anacheka peke yake, akiwaza jinsi bweni zima litakavyovunjika mbavu akiwasimulia. Si wanataka mkojo? Mkojo huo.

"Kaka, bata," Kifaranga alisema kutoka mapajani kwa mama.

Alimpa. Vidole vyao vikagusana. Vya mtoto vilikuwa vya moto.

Ni gauni zito tu alilovikwa, alijiambia. Ni joto la mama. Akisema, mama atamchuna ngozi. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, walisema wahenga. Hawakusema kifaranga aachiwe nani.

Mlango ukafunguka. Nesi akamnyanyua mtoto. Bata akaanguka, Kifaranga akapiga yowe, mikono yote miwili ikimtafuta kaka yake. Komando aliganda.

Hapo ndipo alipopita yule bwana wa maabara na trei yake. Akasimama.

"Nesi, huyu ndiye mwenye lile kopo la juzi? Katoto haka? Mimi nilijua ni dereva wa lori! Lilijaa pomoni, kulifungua tu likanimwagikia mpaka kwenye kiwiko!"

Nesi alicheka. Mama hakucheka. Mama aliyezoea kuchuchumaa asubuhi nzima kuvizia mkojo usiojaza kijiko aligeuza shingo taratibu.

"Mwanangu," aliita, kwa sauti ndogo kuliko zote alizowahi kuitumia. "Lile kopo alilijaza nani?"

Nesi alikuwa ameshavuka kizingiti. Mle ndani mtu alikuwa anavaa glavu.

"Nesi, subiri!" Komando alipiga kelele, sauti ikampasuka kama ya jogoo mchanga. Akakimbia, akashika mlango kwa mikono yote miwili. "Msimwekee mpira! Mkojo ule ni wangu, mama. Wote. Yeye hakukojoa hata tone. Nilifanya mzaha tu, mama... mguseni mikono, ni ya moto."