Kivuli cha Nguchiro wa Ndelilio

Ndelilio alikuwa anageuza kahawa kichanjani, akichagua punje mbovu na kuzitupa pembeni, alipoona kivuli cha nguchiro wake kinaburuta miguu ya nyuma. Nguchiro mwenyewe hakuwa na neno. Alikuwa amekamata yai kwa miguu ya mbele, akalirusha kinyumenyume kati ya miguu ya nyuma likapasuka jiweni, kama afanyavyo kila nguchiro aliyelelewa vizuri, akalila lote. Kivuli hakikula. Kilijikokota hadi kwenye mguu wa kichanja, kikalala.

Ndelilio alitazama jua kwanza, maana si vizuri kumlaumu mdogo kabla hujamwuliza mkubwa. Jua lilikuwa mahali pake, upande wa Rombo linakochomozea. Basi akaendelea kugeuza. Kahawa mbichi ikishika ukungu haitaki kusikia habari za mtu.

Nguchiro huyu aliitwa Karani, kwa sababu kila asubuhi alikagua kihamba chote, yaani shamba la nyumbani, shimo kwa shimo na kiatu kwa kiatu, na siku zote alionekana hajaridhika. Efraimu, marehemu mume wa Ndelilio, ndiye aliyemleta akiwa kitoto, ndani ya kofia. Kabla ya Karani walikuwa na nguchiro mwingine, na huyo ndiye aliyemfundisha Ndelilio jinsi nguchiro anavyougua. Yule alianza kukodolea ukuta macho. Kisha akawa anatafuna na mdomoni hamna kitu, anajikwangua midomo kwa kucha, udenda unamtoka, manyoya yanapukutika shinani mwa mkia. Lakini hayo yote yalitokea siku za mwisho kabisa. Nguchiro ni mwindaji, naye huficha maradhi yake kama mzee anavyoficha njaa mbele ya wakwe. Ukiona dalili, tafuta jembe la kuchimbia kaburi. Kivuli hakina kiburi hicho, Ndelilio akawaza, na tangu asubuhi hiyo akawa anaweka kigoda karibu na kichanja ili akitazame vizuri.

Mama Basili, jirani yake, alipita na mzigo wa majani ya ng'ombe.

"Mama Winfrida, kivuli cha Karani kinaumwa."

"Nakiona," alisema Ndelilio. "Jana kilishinda kinajikwangua mdomo."

"Umekipa asali?"

"Nimempaka Karani mdomoni, akalamba. Nikapaka na pale chini kilipolala. Sisimizi wamemaliza."

"Sisimizi hawana adabu," alisema Mama Basili, akaenda zake.

Bwana mifugo, kijana mmoja aitwaye Jesse, alikuja kumwangalia ng'ombe, na Ndelilio akamwomba amwangalie na huyu. Jesse alimfunua Karani midomo akatazama fizi, akambonyeza tumbo, akainua mkia, akang'atwa kidole. Akasema mwili ni mzima kabisa. Kisha akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya kivuli, akakaa hivyo kitambo.

"Hiki kina homa," alisema. "Ila mimi nilisomea miili, mama. Vivuli hatukufika." Akajifuta vumbi magotini. "Anakunywa maji wapi?"

"Mfongoni."

"Na ninyi?"

"Mfongoni hapo hapo. Toka enzi za babu zetu."

"Juu yenu kwenye huo mfereji kuna nani?"

Ndelilio akamwambia. Juu yao alikuwapo shemeji yake Filemon, kaka mkubwa wa marehemu. Zamani dawa ya kahawa ilitoka chama cha ushirika, ya buluu, na ilikuwa ukiiona kwenye jani unajua imepita hapo. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa, na chama kilipoacha kugawa dawa, Filemon alifungua duka. Alileta dawa kwa mapipa kutoka mjini, akaigawa kwenye chupa za soda zisizo na karatasi, na akawa anawapulizia watu kahawa zao kwa malipo. Dawa hii mpya ilikuwa nyeupe, ikiingia majini inapotea. Pampu zake aliziosha mfongoni.

"Wapeleke watu wako juani uwatazame," alisema Jesse, akaenda kunawa kidole.

Kihambani jua ni mgeni. Migomba inafunika kahawa, miti inafunika migomba, na mtoto anaweza kumaliza wiki nzima hajakutana na kivuli chake. Ndelilio alimwita Winfrida, binti yake wa miaka saba, akamsimamisha kwenye ule uwazi wa kichanja, akamwambia aruke kamba. Winfrida akaruka. Kivuli chake hakikuruka. Kilikuwa kimechuchumaa, kimeshika mdomo.

"Mama, changu kimechoka," alisema Winfrida, bila kuacha kuruka.

Ndelilio alikuwa ameshazika mume, na mtoto alikuwa huyu mmoja. Jioni hiyo alimwaga maji yote yaliyokuwa ndani, hata ya mtungini, na kuanzia kesho yake akawa anateka kwenye bomba la kanisani, ng'ambo ya mabonde mawili. Mgongo ulimuuma hadi akasahau jinsi unavyokuwa usipouma. Winfrida hakuonja tena maji ya mfongo.

Kisha akapanda kwa Filemon. Alimkuta nyuma ya duka, kwenye giza la migomba, anasuuza pampu.

"Shemeji, dawa yako inamuua mtoto wa ndugu yako."

"Nani kasema?"

"Kivuli chake."

Filemon hakumwambia kwamba amerukwa na akili. Aliweka pampu chini. "Kinafanyaje?"

"Kimechuchumaa. Kimeshika mdomo."

"Ndivyo kinavyoanza," alisema Filemon. Alitaka kitambaa kilichokuwa kimeanikwa ng'ambo ya uwanja, na badala ya kukatiza akazunguka kote migombani, ndipo akarudi nacho. Ndelilio alimtazama. "Kivuli changu hakisimami tangu Kwaresima," Filemon akasema. "Ndiyo maana siku hizi uwanjani sipiti."

"Na bado unaoshea hapa?"

"Niende kuoshea wapi, shemeji? Watu wananingoja. Wadudu hawana likizo."

Jioni alishuka mwenyewe, ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Mchagga akikuletea isale amekuomba msamaha, na haijapata kusikika aliyelikataa. Tena neno lililosamehewa kwa isale halifukuliwi, limekwisha. Ndelilio alikuwa na hasira ya kumtupia lile jani usoni. Lakini kaburi la Efraimu lilikuwa pale pale, limezungukwa na masale yaliyopandwa na Filemon huyo huyo, na majirani walikuwa wamesimama wanangoja. Akalipokea. Wakanywa mbege, pombe ya ndizi, wakaagana vizuri.

Juma lililofuata Filemon aliosha pampu zake mahali pale pale. Ndelilio akipita na ndoo kichwani, Filemon alimsalimia kwa heshima, akamwuliza habari za mtoto, naye Ndelilio akajibu kwamba hajambo. Hapakuwa na neno lingine la kusema. Alikuwa ameshalisamehe.

Karani alikufa mchana mmoja, yai bado lipo mikononi, hajaonyesha dalili hata moja. Asubuhi yake alikuwa amekagua kihamba chote bila kivuli, maana chenyewe kilishatangulia. Winfrida alilia sana. Walimzika na lile yai.

Ilipofika sikukuu ya mavuno, baada ya ibada watu walitoka nje kwenye mnada wa sadaka, kama kawaida, na jua likachomoza ghafla kutoka kwenye mawingu. Watu wote wa mfongo ule walikuwa wamesimama wanashindania mkungu wa ndizi, na vivuli vyao vimekaa chini, vingine vimejinyoosha kabisa. Mzee wa kanisa aliomba watu waangalie wanapokanyaga. Mnada ukaendelea polepole, kwa uangalifu. Baadaye wazee walikaa kikao kuhusu jambo hilo, wakaona dawa yake ni turubai. Filemon akajitolea kulinunua, akapigiwa makofi.

Jumapili iliyofuata wote walisimama chini ya turubai, kasoro Ndelilio na Winfrida.

"Mama Winfrida, ingieni huku, mtaungua," mzee wa kanisa aliwaita.

"Tunashukuru, mzee. Tuko hapa tunatazama."

Kivuli cha Winfrida siku hiyo kilikuwa kimeinua goti moja, kama kinachotaka kusimama. Ndelilio hakutaka kukiondolea macho. Huko ndani Filemon alinunua jogoo kwa bei ambayo hakuna aliyeifikia, watu wakamshangilia. Jua likazidi kuinama, likaanza kupenya chini ya ukingo wa turubai. Lilipofika miguuni, mstari wa mbele ulirudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja, na mnada ukaendelea.